Ukungu wa Kweli

Wendell Aasen alikuwa na maneno yake aliyowaambia wageni wa meli kila kiangazi, na sisi wa Juneau tulishayachoka. Basi lake la watalii likiondoka tu gatini, anashika kipaza sauti: mnajua kwamba, ukiacha Honolulu kule visiwani, huu ndio mji mkuu wa jimbo pekee Amerika usiofikika kwa gari? Mnajua eneo la mji huu linalizidi jimbo zima la Delaware? Mnajua jengo la bunge letu halina kuba? Wageni wanaguna kwa mshangao. Kisha anamalizia kwa mzaha wake uleule: Juneau unaingia kwa ndege, kwa meli, au kwa tumbo la mama yako, na kutoka ni kwa ruhusa ya ukungu. Wanacheka, wanampa bakshishi.

Jumamosi ile ya Oktoba hakuna aliyecheka. Wendell alikuwa uwanja wa ndege tangu alfajiri, suti ya kijivu mwilini, viatu vipya vinambana, na nje ya kioo hakuonekani kitu. Hata taa za njia ya kurukia zilikuwa zimemezwa. Binti yake wa pekee, Corinne, alikuwa anaolewa siku hiyohiyo alasiri, kusini huko Olympia, mji mkuu wa Washington, mji ambao mtu anaingia kwa gari akipenda. Na Corinne alishamwambia kwenye simu bila kuzunguka: akifika, yeye ndiye atakayemshika mkono na kumpeleka kwa mumewe. Asipofika, atapelekwa na Gordon. Gordon ni baba yake wa kambo, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

Sasa, mtu wa Juneau mwenye akili zake akiwa na jambo la maana nje ya mji, huondoka siku mbili kabla. Harusi, mazishi, upasuaji, siku mbili kabla. Hata watoto wa shule wanalijua hilo. Wendell alilijua kuliko sote, maana ndilo lililokuwa likimlisha. Lakini alisema kuna meli ya mwisho ya msimu, lazima awazungushe wageni. Lazima gani? Madereva wa kushika zamu yake walijaa tele. Ukweli ni kwamba hakutaka kukaa siku mbili na Gordon, kula meza moja na mwanamume aliyeifanya kazi yake ya ubaba. Akapanga afike dakika za mwisho, ashike mkono, apige picha, ageuze.

Ndege ya asubuhi ikasikika. Chumba kizima kikanyamaza, kwa sababu hapa kwetu hatutazami ubao wa ratiba, tunasikiliza. Ngurumo ikashuka, ikakaribia, vioo vikatetemeka. Halafu ikapanda tena, ikapita juu ya vichwa vyetu na kwenda zake Anchorage, na abiria wa kushuka kwetu wamo ndani.

Wendell akaenda kaunta kwa Luz, mama wa Kifilipino ambaye miaka yote kazi yake ni kutuambia habari mbaya. Akamwuliza kuhusu feri. Feri iliondoka jana, nyingine ni wiki ijayo. Akamwuliza kuhusu vile vindege vidogo vya kutua majini.

"Kaka Wendell," Luz akasema, "leo hata bata wanatembea kwa miguu."

Akarudi kuketi. Kwa mara ya kwanza akaifikiria barabara yetu kwa hasira. Nayo ni moja tu, inafuata pwani mpaka mahali pana kibao kinachosema imeisha, na baada ya kibao ni msitu. Mgongoni mwa mji kuna barafu, usoni kuna bahari. Alikuwa ameiendesha barabara hiyo miaka nenda miaka rudi akiisifia, na siku hiyo aliiona fupi mno.

Ikabidi ampigie Corinne. Na hapa ndipo Wendell anaponiudhi mimi. Unajua, ukungu wa Juneau haubishiwi. Ukimwambia hakimu umekwama kwa ukungu, anakuahirishia kesi. Wendell aliuzoea mchezo huo. Corinne alipohitimu chuo, baba hakwenda, akasema ni ukungu. Kabla ya hapo, Corinne alipolazwa hospitali, akasema ukungu vilevile. Siku ile ya kuhitimu mimi mwenyewe nilimwona yuko darajani anavua samoni, jua linamchoma shingo.

"Mwanangu," akasema. "Huku kuna ukungu."

Upande wa pili alisikia wanawake wanacheka na mashine ya kukaushia nywele ikivuma. Kisha mlango ukafungwa, kukawa kimya.

"Ukungu," Corinne akasema.

"Naapa. Ndege imepita juu sasa hivi."

"Wendell." Alikuwa akimwita kwa jina tangu utoto ulipomwisha. "Unajua uwanja wenu una kamera?"

Alijua. Kamera ile imefungwa juu ya nguzo kwa ajili ya marubani, na picha zake mtu yeyote anaziona mtandaoni, mpya kila baada ya dakika chache.

"Siku ya kuhitimu niliifungua nikiwa na joho mwilini," Corinne akasema. "Milima yote ilionekana. Nilipokuwa hospitali pia niliifungua. Jua lilikuwa linawaka huko kwenu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mama alikuwa kando yangu anauliza umefika wapi. Nikamwambia maskini, amekwama kwa ukungu."

Miaka yote hiyo Wendell alidhani uongo alikuwa akiubeba peke yake.

"Ifungue sasa, basi," akasema. "Itazame."

"Naitazama tangu nilipoamka. Ni nyeupe tupu." Corinne akasema. "Leo umesema kweli, najua. Na bado hupo."

Ikabaki ndege ya pili, ya mwisho ambayo ingeweza kumwahisha. Ilipokuja ilishuka chini kuliko ya kwanza, mpaka watu wakasimama na mabegi mkononi, na mwanamke mmoja akasema ameziona taa. Wendell aliinuka akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Kisha ngurumo ikapanda tena. Watu wakaketi mmoja mmoja. Yeye alibaki kiooni, akilia bila kujificha.

Alipotulia, akampigia Gordon. Hawakuwahi kuzungumza hata siku moja. Akamwomba ampeleke Corinne, akaongeza kwamba binti huyo akiwa na hofu huwa anatembea haraka, kwa hiyo ampunguze mwendo.

"Najua, Wendell," Gordon akasema. Hakusema kwa kiburi, alisema kama mtu anayejua.

Saa ya harusi ilipokaribia, Wendell akatoka nje. Akaufuata ukuta mpaka penye uzio, chini ya ile nguzo ya kamera, akasogea mbele yake hatua kadhaa, akasimama. Ukungu ukamlowesha suti. Luz alimwona kutoka mlangoni akadhani amerukwa na akili. Wendell alikuwa amekunja mkono wa kulia kiwiko nje, kama mtu anayengoja kushikwa, naye hakuushusha hata ulipoanza kumuuma.

Na ukungu wetu usivyo na haya, ukaondoka saa ileile. Ukaanza kufunuka upande wa bahari, likatoka jua, milima ikajitokeza mmoja baada ya mwingine na theluji yake kileleni. Wendell akasema tusi moja ambalo silirudii hapa, lakini hakuondoka pale.

Ndege ya jioni ilitua vizuri kabisa. Watu walikuwa wamepanga foleni simu ya Wendell ilipolia mfukoni. Corinne alikuwa ametuma picha ya kamera: uwanja mweupe kwa jua, milima yote, na mzee mmoja mdogo wa suti ya kijivu kando ya uzio, kiwiko nje. Chini yake ameandika: "Gordon alinishika mkono mmoja. Wa kushoto nimeuacha bila mtu, Baba, wote wameuona."

Akaisoma, akaisoma tena, kisha akaenda kaunta kutoa tiketi yake.

"Harusi si imeshakwisha, kaka?" Luz akamwuliza kwa upole.

"Imekwisha. Nibadilishie siku ya kurudi. Niwekee wiki mbili."

"Wiki mbili utakaa wapi?"

"Kwa Gordon," Wendell akasema, akaenda kupanga foleni na viatu vyake vinavyobana.