Breki ya Mbele

Makena alipoiwasha pikipiki ya marehemu babake, mamake, Rahab, aliacha kufua. Tangu wamzike mumewe Gakuru, mngurumo ule ulikuwa ukimkata maini.

"Mathe, nimebadilisha pedi za breki mwenyewe," binti alisema akivaa helmeti. "Nafika Kajiado, narudi mchana."

"Umeiminya breki?"

"Ya nini? Pedi ni mpya!"

Pedi mpya huwa hazijafika kwenye diski, lile bamba la gurudumu zinalolibana. Ni lazima uiminye breki mara nyingi kabla hujasonga. Gakuru alisahau hilo siku moja tu, asubuhi ya haraka, akaingia barabara kuu bila kuweza kusimama.

Rahab alikimbia akasimama mbele ya gurudumu, akakibana kishikio cha breki. Kilizama chote, laini kama mkate uliolowa chai.

Makena alikiona. Uso ukamsawijika.

"Mama... lori zinapita hapo tu, nje ya geti."

"Najua. Minya."

Makena akaminya juu ya vidole vya mamake, mara sita, mara kumi, mpaka kikawa kigumu. Kisha akazima injini, akaketi kwenye changarawe, hamu ya Kajiado imemwisha. Rahab naye alibaki amekikamata kile kishikio, vidole vikikataa kuachia.