Swali la Urefu kwa Kihispania

Msimamizi wa karakana yetu ya ushonaji alisoma Kihispania wiki sita, akaanza kupita kati ya vyerehani kifua mbele kana kwamba lugha hiyo ameizaa yeye. Mimi, mkata vitambaa, nililea watoto wa Wahispania miaka minne. Hakuwahi kuniuliza, nami sikuona sababu ya kumwambia.

Siku moja akaja kocha wa mpira wa wavu kushonewa suti, mwanamke mrefu wa Kihispania asiyejua neno hata moja la kwetu. Nikanyanyua tepu ya kupimia. Msimamizi akanipokonya.

“Tulia, shangazi. Hii si kazi ya mikasi.”

Akakohoa, akauliza kwa sauti ya mtangazaji: “¿Cuánto mientes?”

Alitaka kusema *mides*, una urefu gani. Alichouliza ni: unadanganya kiasi gani?

Mgeni akamtazama kutoka juu, maana alimpita kichwa kizima. “Menos que usted,” akajibu. Kidogo kuliko wewe.

Msimamizi akatabasamu na kuandika daftarini: mita moja na tisini. “Mmeona?” akatuambia.

Tuliona. Nikachukua tepu mkononi mwake bila kuomba, nikamgeukia mgeni. “¿Cuánto mide usted?”

“Mido un metro ochenta y dos.”

Nikaifuta ile tisini daftarini mbele ya msimamizi, nikaandika themanini na mbili. Kocha akacheka, kisha chumba kizima. Msimamizi akasema ana simu ya kupiga, na hakuna simu iliyolia wala kupigwa ofisini mwake hadi tunafunga kazi.