Uzito wa Mama

Jumapili hiyo Otylia alimwosha mama yake, akamsuka nywele, akamfunga skafu ya sufu shingoni na kumbeba mgongoni kushuka ngazi kutoka ghorofa ya tatu. Jengo lao, katika sehemu ya kale ya Krakow, halikuwa na lifti, na Bi Apolonia hakuwa ametembea tangu avunjike nyonga. Alikuwa mzito kama gunia la mchanga uliolowa.

"Polepole, wewe! Unanitikisa kama viazi."

"Ndiyo, Mama."

Chini alisubiri Klementyna, mdogo wake Otylia, aliyekuja kwa treni kutoka Gdansk ili amtembeze mama mjini siku hiyo moja. Alinyoosha mikono, akampokea, na papo hapo Bi Apolonia akaishiwa uzito. Miguu yake iliachana na ardhi, akapanda hadi usawa wa taa za barabarani, ikabidi Klementyna aishike ncha ya skafu mama asije akaenda zake.

"Mbona mwepesi hivi!" alisema Klementyna. "Na wewe dada, kila ukipiga simu, mgongo, mgongo!"

Otylia alikichukua kiti cha magurudumu kilichokuwa chini ya ngazi na kukisukuma kitupu nyuma yao.

Katika uwanja wa soko kuu, wauza maua walisogeza miavuli yao ili kikongwe apite. Mwendesha gari la farasi aliomba tu asiwaguse farasi manyoya ya urembo waliyovikwa vichwani. Saa ilipogonga, mpiga tarumbeta wa mnara wa kanisa alipiga wimbo wake, akaukata katikati kama unavyokatwa siku zote, kisha akawapungia watu mkono. Bi Apolonia, aliyekuwa amefika karibu na dirisha lake, alimpa mkono wa salamu.

"Huko juu hakuna baridi, Mama?" aliuliza Klementyna.

"Kuzuri, kipenzi changu! Legeza kidogo!"

Otylia alilisikia neno kipenzi na kukaza mikono kwenye kiti. Yeye aliyemlisha, akamgeuza kitandani na kumkata kucha, alikuwa akiitwa "wewe".

Wakati wa chakula, mhudumu wa mkahawa aliifunga skafu kwenye mguu wa meza, akaleta supu chachu ndani ya mkate uliochimbwa. Bi Apolonia alikula akiwa hewani bila kudondosha tone. Otylia aliutazama mkono wa mdogo wake, laini, uliolala juu ya fundo, na moyo ukamchoma.

"Nipe nami nimshike," alisema.

"Mshike tu, nani kakukataza?"

Aliifungua skafu na kuishika kwa vidole viwili, kwa upole wote aliokuwa nao, akiomba moyoni mama abaki juu, japo kwa muda wa kumeza tonge. Bi Apolonia alishuka kama ndoo iliyokatika kamba. Kiti cha mkahawa kilichokuwa chini yake kilivunjika, supu ikamwagika.

"Wewe! Una mikono ya chuma?" alifoka Bi Apolonia.

Mhudumu alileta kiti kingine na kushauri kwa adabu kwamba bibi ashikwe na binti yule mwingine.

Jioni Klementyna alizipanda ngazi mbio, mama akipepea nyuma yake. Otylia alikuwa ametangulia kufungua mlango, akasimama ndani. Katika nyumba ile watu hawapokezani kitu juu ya kizingiti, maana huleta ugomvi. Otylia aliwahi kupokea mkate wa jirani kwa namna hiyo, na mama alimnunia mpaka mkate ukaota ukungu.

"Mpokee haraka, nimechelewa," alisema Klementyna akiwa nje, akimsukuma mama mbele.

"Ingia kwanza. Unamjua Mama na kizingiti chake."

"Hebu acha mambo ya kizamani, wewe," alisema Bi Apolonia. "Mtoto atakosa treni."

Otylia akampokea. Uzito ulirudi wote, na nyongeza juu yake, mbao za sakafu zikalia. Klementyna alimbusu mama shavuni, akateremka. Bi Apolonia alisikiliza hatua zile mpaka mlango wa chini ulipojifunga.

"Yule," alisema, "anajua kumbeba mtu."

Otylia, ambaye mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi, aliusukuma mlango kwa kisigino, na mama yake akamkemea asiubamize.