Joho la Baba Mdogo

Jumamosi asubuhi Nsimire alikuwa akisonga fufu katika nyumba yao ya kupanga kule Highview, Louisville, shemeji yake Manassé alipotoka ndani ya kabati la makoti. Manassé, mwalimu, alikuwa amefungwa Kivu, Kongo, kwa kusema redioni kwamba raia hapaswi kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi. Mahakama ya kijeshi ndiyo iliyomhukumu. Gereza lile halipiki. Mfungwa huletewa chakula na ndugu zake, na ndugu zake wote walikuwa Marekani. Basi alikifuata mwenyewe.

"Mama Bahizire, leo kule selo tuko bengi," alisema, akiweka sufuria tupu mezani.

Bahizire, mwana wa Nsimire, alikuwa amehitimu sheria mwezi huo na bado hakuruhusiwa kumtetea hata paka. Alisimama, akakohoa kidogo.

"Baba mudogo, hapa ni ardhi ya Kentucky. Usirudi. Kisheria..."

Aliendelea mpaka sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ikapoa. Manassé alimsikiliza kwa upole, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekariri vizuri.

"Bon. Na wakituhesabu magaribi, nikose? Benye tunalala nabo ndio watapigwa."

Bahizire alitafuta kifungu kichwani. Hakikuwepo.

"Sheria yako iko muzuri, mutoto yangu. Donc, uko na kitu ya kujifunika? Kule chini kuko baridi."

Bahizire alimpa joho lake la mahafali.

"Afazali," alisema mama yake. "Sasa litafanya kazi."

Jumamosi iliyofuata Manassé alirudi amelivaa. Mawakili, alieleza, waliogopa kufika mahakamani. Kesi ya Ngarambe, fundi baiskeli wa selo yao, ilipoitwa, yeye alisimama na lile joho jeusi, na kanali aliyekuwa hakimu akamwita Maître, yaani wakili. Alitoa hotuba yote ya Bahizire, pamoja na ile ardhi ya Kentucky.

"Mukashinda?"

"Miaka kumi."

Bahizire alivuta kiti karibu. "Na kanali... ni wapi palimugusa?"

"Alisinzia. Lakini hakuna mwenye alinikatisha."

Bahizire aliwapigia simu wenzake waliohitimu, Patricia wa Columbus na Hyacinthe wa Buffalo, akawaomba majoho ya wafungwa. Hyacinthe aliuliza kama yafuliwe kwanza. Patricia aliuliza vipimo tu.

Sasa selo nzima ina majoho, na kila mfungwa humtetea mwenzake. Hawajashinda hata kesi moja. Bahizire, aliyekusudia kulikomboa taifa, huosha sufuria na kumfundisha Manassé hotuba mpya, fupi zaidi, kwa sababu ya usingizi wa kanali.

Kabla ya saa ya kuhesabiwa, Manassé huaga. Bahizire humshikia mlango wa kabati, kwani mikono ya baba mdogo imejaa. Wiki hii Nsimire amenunua sufuria kubwa zaidi.