Gitaa Lililovimba Tumbo

Dorkas alikuwa ameshaamua kabla hata hajavaa viatu. Gitaa la mtoto litatoka kwa mzee Melkizedeki, mzee wa kanisa, basi. Kwenda Mkiwa kuliona lile la Fabiano, fundi redio, ilikuwa kumridhisha Ritha tu, asije kesho na keshokutwa akasema mama hakunisikiliza.

Ritha, binti yake wa pekee, alikuwa na miaka kumi na sita, na aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya vijana pale Issuna. Mpiga gitaa wao alikuwa amehamia Dodoma, na mwalimu wa kwaya alishatangaza kwamba atakayepata gitaa na kujifunza, kiti ni chake. Mtoto hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alizeti ilipouzwa, Dorkas akasema haya, twende tukatafute. Baba mtu alikuwa Itigi kwenye kibarua cha reli, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa mama peke yake. Hilo nalisema mapema, maana baadaye hakuwa na wa kugawana naye lawama.

Fabiano walimkuta nyuma ya grosari, ameketi juu ya kreti, anachomelea redio ya mtu. Jumamosi na Jumapili alikuwa anapiga gitaa humo humo ndani, watu wakinywa. Ritha akamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Dorkas akabaki amesimama mlangoni, mkoba ameubana kwapani.

"Ingia mama, hapa hatung'ati, tunakunywa tu," Fabiano akasema, na wanaume wawili waliokuwa kivulini wakacheka.

"Nimesimama vizuri."

Akatoa gitaa lake. Lilikuwa la kahawia, limechubuka, na pembeni lina alama nyeusi ya sigara iliyowekwa ikasahaulika. Dorkas aliiona ile alama tu. Vingine vyote hakuviona.

Fabiano akampa Ritha. "Funga macho, mwanangu. Usilitazame. Gitaa ukija umeshaamua, sikio linaziba. Lishike, lisikie, halafu ndiyo uniambie."

Ritha akafunga macho. Alijua nyimbo tatu tu, alizofundishwa na yule aliyehama, akapiga mmojawapo pole pole. Wale wawili kivulini wakaweka chupa chini. Hata Dorkas alisikia kwamba sauti ilikuwa imekaa mahali pake. Lakini pua yake ilikuwa imeshika harufu ya pombe, na kichwani alikuwa anamwona mtoto wake amekaa kwenye lile kreti, na wanaume wanacheka.

"Tutafikiria," akasema. "Kuna la mzee Melkizedeki pia."

Fabiano akaweka chombo chake cha kuchomelea chini.

"Mama, lile usinunue. Waliniletea mwaka jana nilitengeneze, nikakataa. Lile limeundwa kubeba nyuzi za plastiki, laini kama mshipi wa kuvulia samaki. Wao wakaona sauti yake ndogo, kwaya inaimeza, wakafunga nyuzi za chuma. Chuma kinavuta, mama. Kinavuta mchana na usiku, hakipumziki. Litazame ubavuni, tumbo limevimba kama la mbuzi aliyevamia mahindi mabichi. Siku moja kile kibao kinachoshika nyuzi kitang'oka, na uso utakaokuwa karibu ndio utakaojua."

"Wewe unataka kuuza la kwako."

"Nataka, ndiyo. Lakini la kwangu ukiliacha, liache na lile. Nenda hata Singida mjini ukatafute lingine."

Walipokaribia nyumbani Ritha akapunguza mwendo. "Mama, lile lilikuwa zuri."

"Lilikuwa linanuka."

Kwa mzee Melkizedeki mambo yalikuwa tofauti. Gitaa lilitolewa chumbani limefungwa kitambaa cheupe. Jeusi, linang'aa mpaka unajiona, na msalaba mdogo wa karatasi umebandikwa shingoni. Mzee akakohoa, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Hili limeimba misiba na harusi," akasema. "Mlango wa baa haliujui. Mchungaji mwenyewe aliliwekea mikono."

Dorkas moyo wake ukatulia pale pale, kama mtu aliyeketi baada ya safari ndefu.

Ritha akalishika. Akabonyeza nyuzi, akakunja uso, maana zilikuwa juu sana, zinakata vidole. Halafu akafanya kama alivyomwona Fabiano, akalaza shavu na kutazama kwa ubavu.

"Babu, shikamoo tena, samahani. Hapa tumboni pameinuka."

"Ndiyo umbo lake, mjukuu wangu. Ndiyo maana sauti yake kubwa."

"Mama..."

"Ritha." Dorkas hakupandisha sauti. Alilitaja jina tu, na mtoto akanyamaza. Gitaa likaenda nyumbani.

Wiki ya kwanza ikapita salama. Wiki ya pili, saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati na kuku wamejilaza chini ya mkokoteni, Dorkas alikuwa peke yake ndani akasikia *tik*. Akageuka. Gitaa limeegemea ukuta pale pale, hakuna mtu. Akaendelea kupepeta. *Tik.* Mara hii na uzi mmoja ukalia wenyewe, sauti nyembamba, ikafifia.

Akauweka ungo chini.

Ritha aliporudi kutoka shuleni akamwonyesha mama yake. Nyuma ya kile kibao kidogo, pale kinapokutana na tumbo la gitaa, palikuwa na mwanya. Ukucha uliingia.

"Ni gundi inaachia, mama. Joto linailainisha na chuma kinavuta. Nimpelekee Fabiano alitazame tu."

"Fabiano!" Na hapo ndipo Dorkas alipopata jibu lake, jibu baya kuliko swali. Fabiano alishawahi kulishika hili gitaa. Mwaka jana. Alilikataa, akalitamkia maneno. Sasa linalia lenyewe mchana kweupe. "Asiliguse tena. Na wewe usimtaje humu ndani."

Akaita akina mama wanne wa jumuiya. Wakaliweka gitaa juu ya kiti katikati ya chumba, wakaliombea kwa nguvu mpaka jirani Mwislamu akaja kuuliza kama kuna mgonjwa. Dorkas akalipaka mafuta, na mengine yakaingia kwenye ule mwanya. Ritha alisimama mlangoni akitazama mafuta yakinywewa na mbao.

Siku nne likatulia. Dorkas akawa anatamba kisimani. Kumbe Ritha alikuwa amepata njia yake mwenyewe. Kila akimaliza kujifunza alizilegeza nyuzi zote, zikaning'inia kama kamba za nguo, asubuhi akazikaza tena nusu nusu. Mama akaligundua Ijumaa, alipolichukua kulifuta.

"Hii ni nini?"

"Nalipumzisha, mama."

"Kwaya ni kesho na wewe unalilegeza. Unataka liharibike ili nikanunue lile la grosari? Nitazame. Unataka hivyo?"

"Hapana, mama."

"Sasa kesho ulikaze. Likae kama lilivyokuja."

Mwanya sasa ulikuwa unapitisha njiti ya kiberiti. Dorkas aliuona. Naomba mama unayesoma hapa uelewe kwamba aliuona kwa macho yake mawili, akasema moyoni kwamba Mungu atalishikilia.

Jumamosi saa nane mchana Ritha alikaa kwenye kigoda uani, amevaa sketi ya kwaya. Mama alikuwa hatua tano kutoka hapo anachambua mlenda. Mtoto akageuza skrubu ya kwanza ya kukazia nyuzi, akapiga uzi, akainamisha sikio. Ya pili. Akamtazama mama yake, na mama akampa ishara kwa kidevu, endelea. Ya tatu. Akainama zaidi, maana upepo ulikuwa unavuma na sauti haisikiki vizuri, uso wake ukawa juu ya nyuzi kabisa.

Lililia kama bati lililopigwa jiwe. Kile kibao kiling'oka chote na mbao za tumbo zikatoka nacho, nyuzi sita zikajirudi kwa mpigo mmoja. Ritha hakupiga kelele. Alisema tu, "Eh," kama mtu aliyesahau kitu, akaweka kiganja kwenye jicho la kulia. Ndipo damu ikapita katikati ya vidole.

Mlenda ulibaki uani mpaka mbuzi wakaumaliza.

Hospitali walikaa siku kumi na moja. Daktari, kijana mpole, aliwaambia bila kuzunguka kwamba jicho la kulia litaona mwanga, litajua mchana umefika, lakini kusoma maandishi halitasoma. La kushoto ni zima. Halafu akauliza, "Hapakuwa na dalili yoyote kabla?" Ritha akageuzia ukuta uso wake uliofungwa bandeji. Mama ndiye aliyetakiwa kujibu, naye akajibu, "Zilikuwepo." Daktari akaandika, akaondoka.

Ritha hakumlaumu. Hilo ndilo lililomnyima Dorkas usingizi. Siku ya sita mtoto alisema tu, "Ukigeuza zile skrubu kuja upande wako, zinalegea. Ningekufundisha, ungeniachia nizilegeze." Basi. Hakulirudia.

Siku ya kutoka, mzee Melkizedeki akaja na sukari na sabuni. Akaomba, akatoa pole ndefu, akainuka kuondoka. Akiwa mlangoni ndipo akasema, "Na lile gitaa nisingependa liwakumbushe mabaya. Nililichukua pale uani, nimelitia gundi ya mbao na skrubu nne kubwa. Limekuwa imara kuliko mwanzo. Nimewapelekea wa Misigiri, kwaya ya shemeji yangu. Kuna binti kule, Peniel, mdogo kidogo kwa Ritha. Alifurahi!"

"Nyuzi gani umefunga?" Dorkas akauliza.

"Si zile zile. Nimenunua mpya, za chuma."

Dorkas akampeleka Ritha kwa dada yake, akamwachia dawa na maelekezo, na kesho yake alfajiri akapanda basi mpaka Singida mjini, akabadilisha la Misigiri. Mawe makubwa ya Iramba yalikuwa yanapita dirishani, naye hayaoni. Kila basi liliporuka kwenye tuta alisikia lile *tik*.

Nyumba aliionyeshwa. Akapiga hodi, akakaribishwa, na kabla hajakaa akamwona. Binti mwembamba, nywele fupi, ameketi kwenye mkeka chini ya dirisha. Jeusi lile limelala mapajani mwake. Ameinamisha kichwa, sikio karibu na nyuzi, anageuza skrubu.

"Acha!"

Mtoto akashtuka, mkono ukabaki hewani. Mama yake akatoka jikoni na mwiko.

"Vipi mgeni? Unamkemea mwanangu kwani amefanya nini?"

Dorkas akaeleza. Alieleza vibaya, alianza na jicho, akarudi kwenye mafuta, akamtaja Fabiano, akalia. Mama Peniel akasikiliza, uso wake ukawa unajifunga taratibu.

"Pole sana, dada yangu. Kwa kweli pole. Lakini sisi tumeambiwa limetengenezwa. Tazama skrubu hizo, hata tembo hang'oi. Na huyu mtoto amelia mwaka mzima anataka gitaa."

"Wangu pia alilia."

"Sasa unataka nimnyang'anye?"

Dorkas akasogea karibu na mtoto. Alipiga magoti kwenye mkeka. "Mwanangu, niazime." Peniel akamtazama mama yake, halafu akampa. Dorkas akaligeuza ubavu kwenye mwanga wa dirisha. Tumbo lilikuwa limeinuka vile vile, na mbao zilikuwa zimeshaanza kupasuka kuzunguka zile skrubu nne, nyufa nyembamba kama unywele. Akashika skrubu ya kwanza ya kukazia nyuzi, akaigeuza kuja upande wake. Uzi ukanung'unika, ukalegea. Ya pili. Uso ameuweka mbali. Zote sita.

"Umeliharibu!" Mama Peniel akasema. "Mwalimu wa kwaya anakuja Jumamosi, wanaimba Jumapili!"

"Atafanya nini Jumamosi?"

"Atazikaza, si ndiyo kazi yake?"

Ilikuwa Alhamisi. Nje basi la mwisho la kurudi Singida lilipiga honi barabarani, kondakta akiita abiria. Dorkas alilisikia. Akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango, akaketi kwenye mkeka na lile gitaa mapajani.

"Basi nitamsubiri huyo mwalimu," akasema.

Mama Peniel akasimama na mwiko wake, amekasirika. Basi likaondoka. Halafu akarudi jikoni, na Dorkas akasikia unga ukiongezwa kwenye sufuria.