Nyasi za Plastiki Uwani

Hashil hakungoja hata matanga yapoe. Mwanamina alikuwa bado hajaizoea ile nusu ya kitanda iliyobaki tupu, asubuhi akaamshwa na vishindo vya sururu. Kuchungulia dirishani, anaona wanaume wageni, matoroli, na kokoto zikimwagwa pale pale alipozoea kuanika mchele.

Nyumba ile ya Voi mzee wao aliwaachia ndugu wawili, Samir na Hashil. Upande wa huku wa Samir, upande wa kule wa Hashil, na uwani mmoja kwa wote. Sasa Samir amefariki, na mkewe Mwanamina yuko edani: miezi minne na siku kumi bila kutoka nje, bila kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake, yaani yeyote awezaye kumwoa. Kwa mwanamke aliye katika hali hiyo uwani ndio mji mzima. Huko ndiko kwenye jua na upepo, na huko ndiko kulikokuwa na mwarobaini aliouegemea kila jioni akilia peke yake.

Hashil aliyajua yote hayo. Samir alipokuwa hai alimkatalia, tena kwa ukali, asiuguse uwani. Sasa wa kukataa yuko chini ya mchanga, na mjane hawezi kutoka kugombana na mafundi. Wakati gani mwingine angeupata mzuri kama huo?

Habari yenyewe ililetwa na Safaa, mkewe Hashil.

"Dada Mina, atengeneza kiwanja kidogo cha gofu," akasema, macho kwenye vidole vya miguu yake. "Cha hizi nyasi za plastiki. Wakubwa anaocheza nao watakuja kupigia hapa. Asema uwani umekaa bure tu."

"Bure? Na mimi niko wapi?"

"Asema wewe uko ndani."

"Mwambie mumeo amwogope Mungu."

"Nikimwambia hivyo nitalala nje mimi," Safaa akajibu, akajiondokea.

Hashil aliuza vipuri vya malori, na tamaa yake ilikuwa kujuana na wenye vyeo. Tangu ajifunze gofu alitembea na kile kijiti chake hata sebuleni, kama mwalimu wa chuo cha Kurani na bakora yake. Mwanamina alimchukia kwa kile kijiti. Alimchukia kwa mengi mengine, lakini kijiti kilikuwa mbele.

Kazi ikaendelea. Titus, fundi aliyetoka Wusi, alikuwa na adabu zake, kila asubuhi alipiga hodi na kusema, "Mama, tunaanza." Basi ikambidi Mwanamina afunge dirisha akae gizani na joto la Voi. Kokoto zikamwagiwa vumbi la mawe, vumbi likashindiliwa kwa mashine mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Mwarobaini ukakatwa, eti mizizi ingeinua nyasi. Siku hiyo Mwanamina alilia kwa hasira tupu, na marehemu hakuwamo katika kilio hicho. Kisha zulia la nyasi hizo likatandazwa, likaunganishwa kwa gundi iliyonuka hadi kwenye chakula, likasuguliwa mchanga, likatobolewa vishimo, vikatiwa bendera. Mji mzima umekauka, mbuzi wanatafuna makaratasi, na uwani wa Hashil kijani kibichi!

Siku ya kuufungua, baada ya alasiri, Mwanamina akasikia magari yakisimama na vicheko vya wanaume kwenye lango la ubavuni. Sambusa za Safaa zilinukia. Hapo ndipo maneno ya Hashil mwenyewe yalipomjia. Siku ya maziko alisimama barazani akajitutumua: "Shemegi yangu yuko edani. Mwanamume atakayemtia machoni, mimi na yeye basi!" Watu walimsifu sana.

Mwanamina akajifunika nguo nyeupe gubigubi, akachukua mkeka na tasbihi, akatoka. Plastiki ilikuwa ya moto kama kaango. Akautandika mkeka katikati, baina ya bendera, akaketi.

Lango likafunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa mzee Fawaz wa kamati ya msikiti, Hashil amemshika bega. Mzee akaona weupe, akageukia ukuta kama aliyezabwa kofi.

"Astaghfirullah! Hashil! Mjane wa nduguyo huyo!"

Akarudi nyuma upesi, akamkanyaga aliyemfuata. Afisa mmoja, Obadiah, aliuliza kuna nini, akavutwa shati akatolewa. Magari yakawashwa moja baada ya jingine.

Hashil naye alirudi nje, akabaki nyuma ya lango. Hata yeye si maharimu. Hakuthubutu kutia kichwa.

"Shemegi, ingia ndani!"

"Niko ndani. Uwani ni ndani. Mfuate mzee Fawaz ukamuulize."

"Waniaibisha mbele ya watu!"

"Aibu hiyo umeitengeneza mwenyewe, ukaitandika na zulia."

"Eda ina mwisho, wewe mwanamke!" Hashil akapiga bati la lango kwa kijiti.

"Ina mwisho. Na siku itakapokwisha nakwenda kwa kadhi, agawe cha marehemu. Lakini nijibu moja, Hashil. Siku ile uliyowaita watu na sururu zao, udongo wa kaburi la Samir ulikuwa umekauka?"

Nyuma ya bati kijiti kikashushwa chini. Samir alikuwa nduguye wa pekee. Mwanamina hakumwonea huruma hata kidogo.

"Mwite Titus," akasema. "Akija kuling'oa zulia hili, nitaingia chumbani. Akija mwingine yeyote, atanikuta hapa hapa."