Njia ya Kutoka Getini

"Nani kafumua njia yangu?" Mama Pacha aliuliza, ameliinamia shuka lililotandazwa mezani. "Niliishona ina makona. Leo imenyooka kama rula!"

Fundi alitabasamu. Alikuwa anaingoja asante yake. "Ni mimi, dada. Nimeinyoosha kidogo. Na za wengine pia."

Watu saba wakaacha kushona.

Msimcheke bado. Miaka ishirini na mbili alishona sare za shule, na kwake mshono uliopinda ulikuwa aibu ya kufumuliwa kabla mteja hajaiona. Mikono haikusahau hata kichwa kilipomchezea, akakesha wiki nzima akisema na kuta, akaletwa hapa, hospitali ya wagonjwa wa akili. Dawa zilimkubali. Daktari alishamwambia anaweza kuondoka, ila mdogo wake, ndugu pekee aliyebaki wa kumpokea, alisema kwenye simu kwamba chumba chake kimepata mpangaji. Hiyo ilikuwa miezi minne iliyopita. Jumapili, wenzake wakitembelewa, Fundi alikuwa anafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Shuka ndilo lililomtoa kitandani. Mwalimu wa sanaa, binti aliyekuja kila Jumanne na mkoba wa nyuzi, aliunga mashuka manne makuukuu ya wodini, akachora geti la hospitali katikati. Kila mmoja ashone njia yake, kutoka getini mpaka nyumbani, kisha kazi yote itundikwe ukutani mapokezi. Na pale mezani ndipo jina lake lilipomrudia. "Fundi, nitungie uzi." "Fundi, fundo hili linafungwaje?" Jamani, mtu akiitwa hivyo mara tano kwa siku anapona nusu.

Basi akataka kazi ya meza yao isiwaaibishe. Alhamisi mchana, wenzake wamelala kwa dawa, aliomba sindano kwa nesi, akakaa mbele ya macho yake masaa matatu, akafumua, akanyoosha. Aliona amewatendea wema mkubwa.

"Makona ndiyo mtaa wenyewe," Mama Pacha alisema. "Nakunja kwa kinyozi, nakunja tena kisimani. Sasa umenipitisha juu ya mapaa ya watu, mimi ndege?"

Wawili walicheka. Mwishoni mwa meza, mzee waliyemwita Kimya, kwa kuwa tangu aletwe hakuna aliyeisikia sauti yake, alikuwa anaipapasa njia yake kwa kidole. Ilikuwa mbaya kuliko zote. Ilizunguka mbali, ikarudi nyuma, ikakatika kabla ya kufika popote. Fundi aliifanya mstari mmoja safi.

"Hapa nilizunguka," Kimya alisema.

Mwalimu, aliyekuwa akigawa nyuzi, alidondosha kibunda cha uzi. Sauti yenyewe ilikuwa imekauka.

"Pana nyumba hapo. Mwanangu alifia humo. Mimi sipiti hapo." Akamtazama Fundi. "Wewe umenipitisha mlangoni kabisa."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. "Nisamehe, baba," alisema, na akajua haitoshi. Mama Pacha alisogeza kiti chake mbali. Duniani kote Fundi hakuwa na pengine pa kukaa na watu ila meza ile, na ameiharibu kwa mikono yake mwenyewe.

Akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua mshono wake kwenye njia ya mzee. Uzi ulipotoka, akaona kitu. Matundu ya sindano ya Kimya yalikuwa bado yapo, madogo, yakizunguka kule mbali. Shuka kuukuu halizibi matundu upesi. Akatunga uzi mwingine, akapita humo humo, tundu kwa tundu, akapinda mzee alipopinda. Kushona vibaya kwa makusudi kulimtoa jasho. Kimya alisogea, akalishika shuka lisijikunje.

Matundu yakaisha. "Ni hapa?"

"Hapa. Mbele sijui bado." Mzee akalitazama shuka zima. "Na yako iko wapi?"

"Mimi nilishona pindo, baba."

"Pindo nimeliona. Nauliza njia."

Fundi alikata uzi wa mzee kwa meno. "Sina pa kwenda," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Kimya alilivuta shuka mpaka geti likawa mbele ya Fundi, akalikaza kwa mikono miwili, akangoja. Fundi akajifuta uso kwa kiganja. Akafunga fundo, akapenyeza sindano kutoka chini, ikatokea juu, getini. Alikaa ameishika hewani, uzi umekaza kidogo. Kitambaa kilichobaki mbele yake kilikuwa cheupe kitupu. Mama Pacha akarudisha kiti chake aone Fundi atachoma sindano wapi.